Majina Ambayo Shangazi Hakuyaita

Kitale, 24 Januari 1988

Kwa Shangazi Rispah,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kapsokwony, wewe na mzee wako na binti yenu Jeruto. Sisi huku ni wazima kwa kadiri watu waliotoka kuzika wanavyoweza kuwa. Mama amerudi kijijini kwetu Kwanza. Mahindi yaliyobaki anayapiga kwa fimbo ndani ya gunia, kwa sababu hataki mashine ya kupukuchua iletwe tena uani. Mimi nimerudi shuleni. Nimepewa biolojia ya kidato cha pili na cha tatu, wasichana tisini wanaoandika kila ninalosema, hata nikikohoa.

Salamu zimekwisha.

Siku tuliyomzika Kipruto nilikuwa nyuma ya jiko nikiosha sufuria, na ninyi mlikuwa mmekaa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Nilisikia yote.

"Ni hilo jina," mmoja wenu akasema. "Kwemoi wa kwanza alianguka, Kwemoi wa pili akaanguka. Nani aliwaambia mmwite mtoto Kwemoi?"

"Si alipiga chafya?" Hiyo ilikuwa sauti yako. "Mimi niliita, yeye akaitikia. Ulitaka nimzibe pua?"

Mkacheka. Ndugu yangu wa miaka kumi na minane alikuwa bado hajafunikwa udongo, nanyi mnacheka habari ya pua yake.

Sitajifanya sikudharau jambo lile. Mtu mzima, mwalimu wa watoto kanisani, anaamini kwamba kijana amekufa kwa sababu alipokuwa na siku nne alisogezewa ugoro puani, wafu wetu wakaitwa mmoja mmoja, na bahati mbaya akapiga chafya kwa Kwemoi badala ya mwingine. Mimi nilikuwapo Kipruto alipoanguka. Alikuwa amejilaza juu ya magunia. Trekta ikawashwa, mashine ikanguruma ghafla karibu na kichwa chake. Aliruka akasimama, akanitazama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, akaanguka. Hakutoka povu. Hakujiuma ulimi. Nilipofika alikuwa amekwisha.

Nimemweleza Daktari Gicheru, anayekuja kuwapima wasichana wetu hapa shuleni. Hakuniuliza jina la Kipruto lilitoka wapi. Aliuliza, "Wengine ni wangapi?" Anasema kuna ugonjwa wa mapigo ya moyo unaorithiwa. Moyo wenyewe ni mzima, ukiushika mkononi huoni kasoro. Kasoro iko katika mwendo wake. Wengine unawachukua wakiwa watoto, wengine wanaishi nao mpaka uzee, wakizimia mara moja moja, watu wakisema ni njaa au ni mapepo. Akihofia kifo hutoa vidonge. Lakini kwanza anataka kujua nani katika ukoo alianguka, akiwa na umri gani, akifanya nini, na ni mtoto wa nani.

Anayejua hayo ni wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayeita majina. Kwa hiyo niandikie.

Na Jeruto asikimbie mpaka apimwe. Hilo si ombi.

Ni mimi,
Chelimo


Kapsokwony, 20 Februari 1988

Kwa Mwalimu Chelimo, mtoto wa ndugu yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Barua yako ilifika ikiwa imepasuka ubavuni, kwa hivyo sasa Barasa wa posta na wote wanaokaa naye wanajua kwamba mimi hucheka matangani. Asante.

Huku baridi imekaa. Kabichi ziko, barabara haiko, tunaziangalia tu zikikua. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mzee wangu anaumwa goti lakini mdomo hauumwi. Jeruto ameingia darasa la nane. Katika hesabu alikuwa wa tatu. Katika mbio aliyekuwa wa pili hakuonekana, alikuwa bado yuko kwenye kona.

Sasa nikujibu. Umesoma sana, mpaka umesahau kwamba ukuta wa mbao una pande mbili. Nasi tulikusikia ukiosha sufuria moja muda wa saa nzima. Tulisema, huyu msichana ana usafi, ama ana masikio.

Unataka walioanguka. Andika. Kwemoi wa kwanza, ndugu ya babu yako, alianguka akikimbiza ng'ombe aliyeingia shambani kwa watu. Alikuwa ameoa, aliacha watoto wawili. Kwemoi wa pili, ndugu ya baba yako, alianguka kwenye josho, mbwa walipobweka nyuma yake, akaacha mtoto mmoja. Wa tatu ni Kipruto, ambaye jina lake la kuitwa ni Kwemoi, kama unavyojua na kama unavyodharau. Basi. Ni watatu, na wote watatu ni Kwemoi. Wewe mwenye biolojia nieleze kwa nini, bila kunitukana.

Nimekwisha kusema na kina mama, hilo jina hatuliiti tena. Limefungwa. Mwisho wa ugonjwa ndio huo.

Habari ya Jeruto iache. Jeruto si wa ukoo wenu, ni wa watu wa baba yake, na wao ndio waliomwita, kwa jina la bibi yao aliyekufa mkongwe hana jino hata moja. Mimi nilipoolewa ya kwenu niliyaacha kwenu. Mwalimu wake wa michezo anasema akishinda Bungoma mwezi wa saba, kuna shule ya sekondari ya bweni inayomtaka. Unajua ni wasichana wangapi wa mlima huu wametakwa na shule? Tena nikisema ati mtoto wangu apimwe moyo, nani atakuja kumwoa? Nani anaoa kitu cha kuanguka?

Na wewe, si u mtoto wa ukoo? Umepimwa?

Shangazi yako,
Rispah


Kitale, 6 Machi 1988

Kwa Shangazi Rispah,

Nimefurahi kusikia kuhusu ndama, na goti la mzee nalisikitikia. Mama anakusalimu. Ameanza kulima, jembe moja na kupumzika mara mbili. Huku mvua bado, vumbi linaingia mpaka ndani ya chaki.

Nimesoma orodha yako mara nyingi. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilitafuta jina moja na sikulipata.

Baba yangu yuko wapi?

Kiplagat. Ndugu yako wa tumbo moja. Alikufa ana miaka thelathini na minne kwenye benchi la zahanati, akiwa ameenda kwa malaria ya kawaida, ametibiwa, ameambiwa aende nyumbani, akasimama na kuanguka. Mlisema malaria imepanda kichwani. Hukumwandika kwa sababu hakuitwa Kwemoi! Shangazi, unahesabu wafu kama mtu anayehesabu ng'ombe kwa rangi. Wekundu ni watatu, basi boma lina ng'ombe watatu.

Kisha nikafikiri zaidi, na nikaona upuzi wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Desturi yenu ni kumwita aliyeacha mtoto. Aliyekufa kabla ya kuzaa haitwi, kwa sababu hana wa kumrudia. Baada ya miaka ishirini hata jina lake hakuna anayelijua. Sasa ugonjwa huu, anasema Daktari Gicheru, hupenda sana vijana, watoto wa miaka minane, kumi na miwili, kumi na mitano. Yaani wale hasa tunaowahitaji ndio mliowafuta. Kipruto mwenyewe hakuzaa. Mwaka wa elfu mbili na kumi mtoto wa mtu atauliza, na shangazi mwingine kama wewe atajibu, Kipruto yupi?

Nakuuliza basi swali ambalo hakuna aliyewahi kukuuliza. Nani alikufa kabla ya kuzaa?

Na hilo la Jeruto kuwa wa watu wengine, ningelisahihisha kwa kalamu nyekundu kama lingeandikwa na msichana wa kidato cha pili. Damu haijui mahari. Mzazi mmoja akiwa na ugonjwa huu, kila mtoto wake ana nafasi nusu ya kuurithi, wa kike kwa wa kiume, wa boma hili au la pili. Nawe unaweza kuwa nao hata kama hujawahi kuanguka. Kama kweli hujawahi.

Shule ikimtaka Jeruto, itamtaka akiwa hai.

Chelimo


Kapsokwony, 29 Mei 1988

Kwa Chelimo,

Salamu. Mvua imenyesha mpaka imechoka. Viazi vimeoza upande wa chini, wa juu vimepona. Mzee ni mzima. Ndama tulimpoteza.

Usiseme posta imechelewa. Barua yako iko nami tangu mwezi wa tatu. Niliiweka ndani ya Biblia, kila Jumapili ikaanguka mbele ya watu, nikahamishia chini ya godoro. Mara nne nimekaa kukujibu. Mara ya kwanza yalikuwa matusi matupu, nikayachoma. Yalikuwa matusi mazuri.

Kiplagat sikumsahau. Mtu hasahau ndugu yake. Sikumwandika kwa sababu hukuniuliza waliokufa, uliniuliza walioanguka, na yeye alikuwa ameketi kisha akasimama. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Sasa nikiandika naona ni ujinga, lakini usifurahi sana.

Umeuliza nani alikufa kabla ya kuzaa. Jepkoech. Alikuwa dada yangu mkubwa, ambaye mimi namfuata. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mimi kumi na miwili. Tulikuwa tunavuka mto kwenda kutafuta kuni, maji yalikuwa baridi sana siku hiyo, akaingia akicheka, akanyamaza. Maji yalifika magotini tu. Mtu hafi maji kwenye maji ya magotini. Baba alisema mto umemchukua, na mto haukujibu. Hatukumtaja tena. Nimeita majina ya watoto arobaini na zaidi katika ukoo huu na sijawahi kusema Jepkoech. Jana niliandika jina hilo pembeni ya gazeti ili nione linafanana vipi.

Kabla yake kulikuwa na mtoto wa kiume wa mama, wa miaka sita. Jina lake silijui. Nimeuliza. Hakuna anayelijua.

Umepata unachotaka. Sasa nieleze umesaidia nini, zaidi ya kumfanya mwanamke wa miaka hamsini na mitatu alie mbele ya kuku.

Jeruto hana neno. Wiki iliyopita alilala kidogo pale uwanjani baada ya mbio, mwalimu akammwagia maji akaamka. Hakuwa amekula vizuri. Usianze.

Swali langu la mwezi wa pili hukulijibu.

Rispah


Kitale, 5 Juni 1988

Shangazi,

Habari za viazi nimezipata. Mama ni mzima.

"Alilala kidogo." Umeandika juu ya dada yako aliyenyamaza mtoni, na mistari sita baadaye unaniambia binti yako alilala kidogo uwanjani. Sijui niite nini hiyo. Naifundisha akili kufanya kazi kila siku na sijawahi kuona akili inayokataa kazi kwa bidii hivi.

Daktari Gicheru amewaandikia hospitali ya Eldoret, wenye mashine ya kupima mapigo. Ni Jumanne tarehe 21 Juni, saa tatu asubuhi. Haiumi. Wanabandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na moyo unachorwa kwenye karatasi. Mje wote wawili. Nitakuwa langoni kabla yenu.

Nimeambatisha mchoro wa ukoo, umpe daktari wa huko. Mraba ni mwanaume, mviringo ni mwanamke. Kila aliyeanguka nimempaka wino. Nimemtia yule mtoto wa miaka sita asiye na jina, na Jepkoech, na baba. Jeruto nimempaka wino pia.

Usipomleta, nikisikia lolote, usinitumie mtu wa kuniita mazishini. Sitakuja kuosha sufuria.

Chelimo


Kapsokwony, 26 Juni 1988

Kwa Mwalimu,

Salamu ni hizo tu.

Tulifika langoni saa mbili na nusu. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisa na Jeruto amevaa sare ya shule, ili wajue ni mtu. Saa tatu ikafika. Jeruto akasema, "Dada anakuja, dada hachelewi." Saa nne akasema, labda gari limeharibika. Saa tano mlinzi akatuuliza kama tumekuja kuuza kitu. Tukaingia peke yetu, nimeshika mchoro wako kama mjinga aliyeshika cheti cha mtu mwingine.

Anayeendesha mashine ni msichana anaitwa Nyaguthii, mdogo kuliko wewe, lakini yeye alikuwako. Alimlaza Jeruto, akampaka kitu cha baridi, karatasi ikatoka, ndefu, ina mistari kama milima. Aliitazama. Akaitoa nyingine. Akamwita daktari, mzee wa miwani, akahesabu viboksi vidogo vya karatasi ile kwa ncha ya kalamu. Mimi nilikuwa nikihesabu vifungo vya koti lake.

Kisha Nyaguthii akaniambia, "Mama, panda na wewe."

"Mimi ni mzee."

"Wazee pia wana moyo."

"Hili gauni halifunguki mbele."

"Basi tutalifungua nyuma. Moyo hauoni haya, mama, ni wewe unayeona."

Nikapanda. Mbele ya mtoto wangu. Karatasi yangu ikatoka, daktari akaiweka kando ya ile ya Jeruto, na hata mimi ambaye sijasoma niliona zinafanana kama dada na dada. Alinieleza hivi. Kila moyo ukishapiga unahitaji muda mdogo wa kujiweka sawa kabla ya kupiga tena. Yetu inachelewa kujiweka sawa. Ikishtuliwa katika ule muda, kwa mbio, kwa maji baridi, kwa kelele ya ghafla, inavurugika, na mara nyingine hairudi. Akauliza, "Umewahi kuanguka, mama?"

Chelimo, nilikuwa na miaka thelathini na mitatu ya kusema hapana. Mdomo ulikuwa umeshazoea. Nikasema, "Mara saba."

Mara ya kwanza ilikuwa wiki niliyoolewa. Nilimwambia mume wangu nimejikwaa. Kila mara nimejikwaa. Ananiita mwanamke asiyeinua miguu. Jeruto alikuwa amekaa pale na kifua chake kimefunikwa shuka, ananitazama, na niliona ananidharau. Ana macho yako.

Nikauliza, mbona mimi nimefika uzee? Daktari akasema hajui, ugonjwa ni mmoja lakini hauwachukui watu kwa mpango. Ati mtu wa miaka themanini anaweza kuwa nao na mjukuu wake akafa nao kabla yake. Akatupa vidonge vya propranolol, vinavyotuliza moyo usikimbie. Asubuhi, mchana na jioni, visiachwe ghafla. Jeruto asikimbie mashindano tena. Tukienda zahanati kwa malaria tuseme kwanza, kwa sababu kwinini na dawa nyingine zinaweza kuuharibu zaidi mwendo wa moyo kama wetu. Hapo nikamkumbuka Kiplagat kwenye lile benchi, nikatoka nje kidogo.

Niliporudi daktari alikuwa anatazama mchoro wako. Akasema, "Huyu mwalimu ana kazi safi. Yuko wapi? Na huyu mviringo mweupe chini ya Kiplagat ni nani?"

Nikatazama. Ulikuwa wewe. Umewapaka wino watu wote, umempaka hata mtoto asiye na jina, na wewe mwenyewe uko mweupe kama kikombe.

Nikachukua kalamu mkononi mwa daktari nikakupaka. Nilipaka mpaka karatasi ikatoboka. Ulikuwa darasa la sita, umekuja kwetu likizo, ukanisindikiza kanisani. Barasa huyuhuyu wa posta alipiga kengele nawe uko chini yake. Ulianguka kama nguo inayotoka kwenye kamba. Mimi ndiye niliyekubeba, na ulipoamka uliniambia, "Shangazi, usimwambie mtu." Sijamwambia mtu mpaka Jumanne.

Rispah


Kitale, 3 Julai 1988

Shangazi,

Nimepokea. Nafurahi kwamba mmepimwa.

Tarehe 21 kulikuwa na mitihani ya muhula na sikupata ruhusa. Ningewaandikia lakini haingefika kwa wakati.

Kuhusu kengele, nilikuwa sijanywa chai siku hiyo. Mtoto kuzimia kwa njaa mara moja si alama ya kutia katika mchoro, na kuharibu mchoro wa mtu mbele ya daktari si ushahidi wa kitu chochote. Mimi nina miaka ishirini na minne na ninapanda ngazi za shule mara kumi kwa siku.

Hakikisha Jeruto anameza.

Chelimo


Kapsokwony, 17 Julai 1988

Chelimo,

Hujambo. Sisi hatujambo isipokuwa mmoja.

Jana nilikuwa napanga viatu vya kanisa. Ndani ya kiatu cha Jeruto, cha kushoto, nimekuta vidonge kumi na vinne. Alikuwa anaviweka chini ya ulimi, ananionyesha mdomo, akitoka nje anavitoa. Nikamwuliza kwa upole, halafu nikamwuliza kwa fimbo. Amenijibu nini? Nakuandikia maneno yake kama yalivyo.

"Dada Chelimo ndiye aliyesoma, si wewe. Yeye ndiye aliyesema kuna ugonjwa. Na yeye ni wa ukoo huohuo. Kama angekuwa anaamini, si angekuja? Hakuja. Anajua ni upuzi. Alitaka tu kuonyesha amesoma."

Nikamwambia daktari ameona kwenye karatasi. Akasema, "Daktari hanijui." Nikamwambia habari ya Jepkoech. Akasema, "Huyo hujawahi kumtaja, leo ndio anakufa?"

Mwalimu wake wa michezo nimemwendea. Ni mtu wa kucheka. Aliniambia, "Mama, huyu mtoto ana moyo kuliko wote hapa." Nikamwambia ndiyo shida. Akacheka zaidi. Mashindano ya wilaya ni Bungoma, Jumamosi tarehe 30, na jina lake liko kwenye mita mia nane. Baba yake anasema akikatazwa atapoteza shule. Mimi ni mwanamke asiyeinua miguu, hakuna anayenisikia.

Sikuombi kitu. Ninakudharau kiasi cha kutoweza kukuomba. Ulinifundisha kwa barua tatu kwamba mimi ni mjinga, na nilikubali, na nikampeleka mtoto. Lakini ni mimi niliyepanda kile kitanda. Nakujulisha tu hali ilivyo. La daktari halisikii, langu halisikii. Anasikia la kwako, na la kwako ni kutokuja.

Rispah


Kitale, 24 Julai 1988

Kwa Shangazi yangu,

Barua hii anaileta mwalimu mwenzangu, Nakhungu, anayepita kwenu Jumatatu. Nimemwambia asiiache kwa mtu mwingine. Mwite Jeruto akae hapo, umsomee yote. Usiruke kitu kwa kunionea huruma, sijawahi kukuonea wewe.

Alhamisi nilikwenda Eldoret. Nyaguthii alipoona jina langu kwenye fomu aliniuliza, "Wewe ndiye ule mviringo?" Nikasema ndiye. Akasema, "Panda."

Nimelala pale na nyaya, nikitazama dari, nikiwa na digrii. Karatasi ilitoka. Daktari wa miwani akaiweka kando ya zenu mbili na hakuhitaji kuhesabu. Ninao, Shangazi. Muda wangu wa kujiweka sawa ni mrefu kuliko wako, unakaribia ule wa Jeruto. Aliniuliza nimeanguka mara ngapi. Nikasema mara tatu. Ile ya kengele, siku ambayo nilikuwa nimekunywa chai, na mbili ambazo hakuna aliyeziona. Ya mwisho ilikuwa mwezi wa kwanza, wiki moja baada ya kumzika Kipruto, chumbani kwangu, saa ya kuamsha watu ilipolia. Niliamka sakafuni. Kesho yake nikakaa nikakuandikia ile barua ya kwanza.

Sasa sikiliza, Jeruto, kwa sababu hili ni lako.

Tarehe 21 Juni hakukuwa na mtihani. Nilikuja. Nilifika Eldoret kabla yenu, nikasimama ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha nguo za mitumba. Niliwaona mkifika. Nilimwona mama yako amevaa gauni la kanisa, ameshika mchoro wangu, na wewe una soksi nyeupe, unageuka kila gari likisimama. Mwenye kibanda akaniuliza mara mbili kama nanunua koti nililolishika. Nilikaa pale mpaka saa tano, mlipoingia, nikanunua lile koti kwa aibu, nikarudi Kitale. Sikurudi kwa sababu nilijua ni upuzi. Nilirudi kwa sababu nilijua ni kweli. Nilitaka ugonjwa uwe wenu, mimi niwe mwenye kuueleza.

Shangazi, nimekucheka kwa kuita majina na kuyaacha mengine. Wewe uliwaacha wafu. Mimi nilijiacha mwenyewe, na mtoto aliye hai akanifuata.

Nimemwandikia mwalimu wako wa michezo, Jeruto, na Daktari Gicheru ametia sahihi. Nimeandikia pia shule ile ya bweni kuhusu hesabu zako. Huenda wasijibu. Huenda upoteze shule mwaka huu, na utanichukia, na utakuwa na haki. Nakuahidi hilo moja tu, kwamba sitakuambia uwanjani ulianguka kwa kukosa chakula.

Nimeanza vidonge tangu Alhamisi. Vinanitia uchovu, mikono inakuwa baridi, na jana nilisahau neno nikiwa mbele ya darasa. Navimeza.

Shangazi, usimwambie mimi ni mtu mwema, hatakuamini. Anidharau anavyotaka, kwa miaka yote anayotaka. Lakini ameze kwanza, sasa hivi, kwa maji, mbele yako, kabla hujaikunja karatasi hii.

Chelimo